Nani Kasema Linux Haina Soko Goma?

Ukipita Birere kwenye maduka ya kompyuta za mitumba, ukaulizia mashini yenye Linux, jibu ni moja karibu kila mlango: hiyo haina soko. Muuzaji atasema hivyo, fundi aliyeketi kando yake atamuunga mkono, na mwanafunzi wa informatiki anayesubiri mashini yake ataongeza kwamba Linux ni ya mainjinia wa Ulaya. Maneno haya yamezoeleka hata hayajadiliwi tena. Yanarudiwa vyuoni, kwenye ofisi za mashirika, kwenye vibanda vya kuchapa na kutoa fotokopi. Mimi nasema si kweli, na nasema hasara yake wanaibeba watu wasio na uwezo wa kuibeba.

Nitaanza kwa kuyaeleza maoni hayo kwa haki, maana hayakuzuka hivi hivi. Wanasema: mkaazi wa Goma hanunui leseni ya Windows, anapigiwa, yaani anawekewa, na fundi kwa dola chache, kwa hiyo kumwambia kwamba Linux ni ya bure ni kumpa ambacho tayari anacho. Kazi zinazolipa mjini hapa, hasa za mashirika ya kimataifa, zinadai Word na Excel. Wahasibu wanatumia Sage Saari, nayo haiingii kwenye Linux. Mafundi wanaijua Windows, na mashini ikigoma usiku wa kuamkia kuwasilisha kazi, mtu anamtaka fundi wa jirani, hataki somo. Watu wamezoea. Tena duniani kote, hata kwenye umeme usiokatika, Linux imekaa zaidi ya miaka thelathini na bado iko kwenye takriban asilimia 4 ya kompyuta za mezani na za mapajani. Itapataje soko kwenye mji uliovamiwa na lava mwaka 2002, ukakimbiwa na watu wake tena mwaka 2021, ukaingiwa na vita mwanzoni mwa 2025?

Mtu anayesema hivyo ameangalia mazingira yake. Lakini ameyaangalia nusu.

1. "Windows tayari ni ya bure"

Hapa ndipo penye msingi wa mengine yote, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Keti karibu na fundi anapopiga Windows. Anachomeka flashi, anafuta diski, anangoja. Mashini ikishawaka, kabla ya jambo lingine lolote anaingia kwenye mipangilio ya usalama na kuzima Defender, kinga iliyowekwa na Microsoft yenyewe. Lazima aizime, kwa sababu ile programu ndogo atakayoifungua sasa, ya kuidanganya Windows kwamba imelipiwa, Defender huikamata na kuifuta papo hapo. Fundi anaifungua kwa ruhusa ya juu kabisa, ruhusa inayoweza kubadili chochote ndani ya mashini. Hajui nani kaitengeneza. Aliinakili kwa mwenzake, na mwenzake aliishusha kwenye tovuti ambayo jina lake keshalisahau. Kazi ikiisha, mafundi wengine huirudisha kinga. Wengine huiacha imezimwa hivyo hivyo, ili mteja asirudi baada ya wiki kulalamika kwamba Windows inadai leseni. Mteja analipa, anashukuru, anaondoka.

Desemba 2021 kampuni ya usalama ya Red Canary ilieleza jinsi nakala za KMSPico, mojawapo ya programu hizo zinazotumika sana duniani, zilivyokuwa zikisambazwa zikiwa zimebeba CryptBot ndani yake. CryptBot huiba nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari. Mwenye mashini haoni kitu. Windows yake inawaka vizuri, Word inafunguka, na barua pepe yake iko mikononi mwa mtu asiyemjua.

Sasa fikiria mashini hiyo iko wapi. Nyingine iko kwa mwanafunzi, na kitakachopotea ni kazi ya mwaka mzima. Nyingine iko kwenye ofisi ya asasi ndogo ya haki za binadamu, yenye faili la majina ya wanawake waliobakwa, vijiji vyao, na majina ya waliowashuhudia. Katika Kivu Kaskazini jina moja kwenye orodha kama hiyo likivuja linaweza kumtoa mtu roho. Asasi inayohifadhi siri za namna hiyo kwenye mashini iliyopigwa Windows ya kukraki imewaweka hatarini watu walioiamini, na imefanya hivyo ili kuokoa gharama ambayo Linux haiombi. Anayesakinisha Linux Mint, mojawapo ya aina za Linux, hupewa pale pale nafasi ya kuifunga diski yote kwa nywila, ili mashini ikiibwa au ikiporwa mporaji asisome kitu. Kwenye Windows 10 Home, BitLocker kamili, kifungio cha diski cha Microsoft, haimo. Ni ya toleo la Pro.

Halafu kuna sheria. Kongo ina sheria ya haki za watunzi tangu tarehe 5 Aprili 1986, na tangu tarehe 13 Machi 2023 ina Kanuni nzima ya mambo ya kidijitali. Najua hakuna askari atakayeingia Birere kukagua leseni. Ila kuna mashirika yanayotuletea semina za uwazi na uwajibikaji, yanayodai risiti ya kila chupa ya maji, huku washirika wao wa hapa wakiandika ripoti hizo za uwajibikaji kwenye programu za wizi. Wafadhili wanalijua hilo na wananyamaza, kwa sababu kuliuliza kungewalazimisha ama kulipa leseni ama kukubali Linux.

Na anayetaka kulipa kihalali, alipe kwa njia gani? Leseni ya Windows 11 Home nchini Marekani ni dola 139. Office Home 2024 ilianza kuuzwa kwa karibu dola 150. Hiyo jumla inaweza kununua mashini nyingine nzima ya mtumba. Tena hulipwa kwa kadi ya benki. Kundi la waasi la M23 lilipouchukua mji mwishoni mwa Januari 2025, benki zilifunga milango. Mfumo unaohitaji kadi ili uwe halali hauwezi kuitwa mfumo unaoufaa mji huu.

2. Soko gani hasa?

Wanaposema "haina soko" wana maana haiuzwi. Kipimo hicho tukikikubali, basi Windows nayo haina soko Goma, maana nayo haiuzwi. Hakuna anayenunua Windows. Microsoft haipati faranga kwenye zile mashini zote za Birere.

Kinachouzwa Goma ni mashini yenyewe, kazi ya kuipiga programu, kuitoa virusi, kuipiga tena, kuokoa mafaili, kuchapa, na mega za intaneti. Hilo ndilo soko letu, na ni soko la matengenezo. Kwenye soko la namna hiyo swali la mnunuzi ni mashini itadumu muda gani bila kurudi kwa fundi, itakula mega ngapi, na ikiharibika itafunguliwa na nani. Kwa maswali hayo matatu Linux ina majibu bora, na wauzaji wangeyajua kama wangewahi kuulizwa.

Chukua mega peke yake. Mtu anaunganisha mashini na simu yake ili atume barua moja. Windows inaona intaneti, inaanza kushusha masasisho yake kimyakimya, na kifurushi cha wiki kinakwisha kabla barua haijaondoka. Inawezekana kuizuia, lakini ni wangapi wanajua pa kuizuia? Fundi naye huizima kabisa, na hapo mashini inabaki na matundu ya usalama miaka na miaka. Linux Mint, jinsi inavyotoka, haishushi sasisho bila ruhusa: inaonyesha orodha, inaonyesha ukubwa wa kila moja, nawe unachagua. Tena vifurushi vilivyokwisha kushushwa kwenye mashini moja vinaweza kunakiliwa kwa flashi na kuwekwa kwenye nyingine zenye toleo lile lile. Ofisi yenye mashini kumi inashusha mara moja tu. Hiyo ni huduma ambayo fundi angeweza kuiuza kila mwezi, kwa bei halali, bila kumdanganya mtu.

3. Tarehe 14 Oktoba 2025

Siku hiyo Microsoft iliacha kuitengeneza Windows 10 iliyotoka mwaka 2015. Wenye mashini binafsi waliongezewa mwaka mmoja wa masasisho ya usalama, hadi Oktoba 2026, kwa masharti, likiwemo la kuingia kwa akaunti ya Microsoft. Baada ya hapo, basi.

Windows 11 haipokei kila mashini. Inataka kidude cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kwa upande wa Intel inataka kichakataji cha kizazi cha nane au zaidi, ambacho kilianza kuuzwa mwaka 2017. Sasa angalia kilichopo kwenye meza za Birere: ThinkPad, Latitude na EliteBook zilizotupwa na ofisi za Ulaya na Ghuba, nyingi za kabla ya mwaka huo. Ni mashini imara, zenye kibodi nzuri na vipuri vinavyopatikana, na zingeweza kufanya kazi miaka mingine mingi. Microsoft imesema hazifai.

Najua jibu la fundi: kuna njia ya kuzilazimisha. Ipo, nami nimeiona ikifanya kazi. Lakini Microsoft yenyewe imesema mashini zilizolazimishwa haziahidiwi masasisho, na toleo la 24H2 lililotoka mwaka 2024 haliwaki kabisa kwenye vichakataji vikongwe vya aina ya Core 2 Duo. Kila toleo jipya linaweza kufunga mlango mwingine. Muuzaji anayemuuzia mtu mashini ya kizazi cha nne yenye Windows 11 ya kulazimisha na kukraki anamuuzia tatizo, na anajua.

Wakati huo huo ofisi za Ulaya zinaziondoa kompyuta zao kwa sababu hiyo hiyo ya Windows 11. Zitakuja huku, kama zilivyokuja zilizotangulia, kupitia Mombasa, Kampala na Kigali, hadi zivuke mpaka kutoka Gisenyi. Shehena nzuri kuliko zote tulizowahi kupata inakuja, na mfumo ulio halali na unaotengenezwa utakaoziweza ni Linux. Mint inaridhika na gigabaiti 2 za kumbukumbu, ingawa 4 ni bora zaidi. Mfanyabiashara anayesema haina soko, mwaka huu kuliko miaka yote, anakataa bidhaa iliyoko mlangoni kwake.

4. Word, Excel na mwajiri

Hapa wapinzani wangu wana nusu ya haki, nami nitawapa nusu hiyo yote. Mhasibu wa Sage Saari abaki na Windows. Mchoraji wa majengo aliyefundishwa AutoCAD abaki nayo pia. Ofisi yenye majedwali makubwa ya Excel yaliyojaa makro, hali kadhalika. Ninachowaomba ni wailipie.

Lakini ni wangapi hao kati ya watumiaji wa kompyuta wa Goma? Wengi wanaandika barua, kazi za shule, ripoti, bajeti ya kurasa mbili, na kuingia kwenye intaneti. LibreOffice, iliyopo tangu 2010, inafungua na kuhifadhi mafaili ya Word na Excel. Wanasema mpangilio unavurugika. Mara nyingi kinachovurugika ni herufi. Kazi za mwisho wa masomo (TFC) za vyuo vyetu zinadaiwa ziwe kwa Times New Roman ukubwa wa 12. Herufi za Liberation zinazokuja na LibreOffice zilichongwa ziwe na upana ule ule wa Times, ili mistari iishie pale pale. Orodha ya yaliyomo yenye ngazi nyingi na picha zilizopachikwa ovyo huweza kusogea, ni kweli, na husogea pia kati ya Word ya 2007 na Word ya leo, kama anavyojua yeyote aliyepeleka kazi yake kibandani na kukuta kurasa 62 zimekuwa 65. Dawa ni moja kwa wote: peleka PDF.

Kuhusu mwajiri, tuwe wakweli juu ya kinachoendelea ofisini kwake. Shirika linaandika kwenye tangazo la kazi "awe na ujuzi wa Word na Excel", halafu siku ya kwanza linampa kijana simu yenye KoboToolbox akakusanye takwimu kambini. Kobo ni programu huria, iliyotengenezwa na Harvard Humanitarian Initiative. Kwenye maeneo ya afya, ripoti za kila mwezi zinaingizwa kwenye DHIS2, programu huria ya Chuo Kikuu cha Oslo ambayo wizara ya afya ya Kongo imeichukua. Zote zinafunguka kwenye kivinjari chochote, kwenye mfumo wowote. Mashirika yanayosema hayawezi kufanya kazi na programu huria yanafanya nazo kazi kila siku, na kazi zao nyeti kuliko zote ziko humo.

Chuoni hali inasikitisha zaidi. Wanafunzi wanafundishwa takwimu kwa SPSS ya kukraki na ramani kwa ArcGIS ya kukraki. Wakimaliza, wanakuwa na ujuzi wa vyombo ambavyo hawataweza kuvimiliki kihalali. R na QGIS ni za bure, zinatumika kwenye vyuo vikubwa vya dunia, na zinafanya kazi kwenye Windows na Linux sawasawa. Mwalimu anayeendelea kugawa SPSS kwa flashi anawafundisha wanafunzi wake utegemezi, na kwa vile anawajali, namwomba aache.

5. "Watu wamezoea"

Wamezoea nini? Windows 8 ilipotoka mwaka 2012 kitufe cha kuanzia kilitoweka. Watu walilalamika, wakajifunza. Windows 11 imekihamishia katikati. Watu wamelalamika tena, wanajifunza tena. Hakuna aliyesema Windows haina soko kwa sababu ilibadilika.

Na hao hao wanaoambiwa kwamba Linux ni ngumu wana Tecno na Itel mfukoni. Zinatumia Android, na moyo wa Android ni Linux ile ile aliyoitangaza Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, tarehe 25 Agosti 1991. Mama anayeuza samaki pale soko la Virunga anatuma fedha kwa simu hiyo, hakuhitaji mafunzo ya uinjinia. Mazoea hujengwa na kilichopo dukani. Kwa miaka yote hii kilichowekwa mbele ya watu ni kitu kimoja, halafu tunawanyooshea kidole kwamba ndicho walichochagua.

6. Fundi

Wengine hutumia mfano wa gari. Goma tunanunua Toyota kwa sababu vipuri na mafundi vipo, na Windows ndiyo Toyota ya kompyuta. Ni mfano mzuri, ila unawageukia. Toyota inapendwa kwa sababu boneti inafunguka, na fundi yeyote wa Ndosho anaweza kushuka chini akaona tatizo na kulitengeneza. Windows boneti yake imechomelewa. Ikisumbua, mara nyingi fundi hana la kufanya ila kufuta na kupiga upya. Kwenye Linux kosa huandikwa, na anayejua kusoma anaweza kulifuata hadi mwisho wake na kulirekebisha.

Tena si kweli kwamba mafundi wetu hawaijui. Mara nyingi nimeona jambo hili likitokea. Msichana anakuja na flashi mkononi, ametoka kuchapa kibandani. "Yaya, TFC yangu imepotea yote." Kwenye Windows, mafolda yake yamegeuka kuwa njia za mkato zisizofunguka. "Tulia, mdogo wangu," anasema fundi, na kuichomeka flashi kwenye mashini kuukuu iliyoko pembeni, yenye Linux. Mafolda yote yanaonekana. Yalikuwepo muda wote: kirusi kilikuwa kimeyapa alama ya kufichwa ambayo Windows inaitii na Linux haijali. Fundi anayanakili, anafuta lile faili la kirusi linaloonekana wazi kando yake, anarudisha flashi. Msichana analia kwa furaha. Halafu mteja anayefuata akiuliza kuhusu Linux, fundi yule yule anajibu kwamba haina soko.

Simlaumu kwa ubaya. Ana familia, na riziki yake inatokana na mashini zinazorudi. Mteja aliyepigiwa Windows ya kukraki atarudi baada ya miezi michache, tena na tena. Wa Linux huenda asionekane mwaka mzima. Hapo ndipo lilipo tatizo lenyewe, nalo halisemwi: wanaotuambia Linux haina soko ndio wanaokula kwa kuharibika kwa Windows. Ushauri wao una maslahi ndani yake, na mnunuzi ana haki ya kulijua hilo kabla hajaufuata.

Kuna shida za kweli, na fundi mwema atazitaja. Baadhi ya kadi za Wi-Fi za Broadcom hazifanyi kazi hadi uziwekee programu zake, na hiyo inahitaji intaneti ambayo hujaipata bado. Printa za HP kwa kawaida zinakubali bila matata. Baadhi ya zile ndogo za leza za Canon zinasumbua. Mwenye kibanda cha kuchapa apime printa yake kwa flashi ya Linux kabla hajafuta kitu, maana Linux inawaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Nusu saa inatosha kujua.

7. Ile asilimia 4

Inatajwa kama hukumu. Ni wastani wa dunia, unaojumuisha nchi nyingi ambazo kompyuta huuzwa dukani zikiwa mpya na Windows imelipiwa ndani ya bei. Goma hatununui mpya. Palipo na watu wanaochagua kwa uwezo wa mashini, hesabu ni nyingine: tangu Novemba 2017 kompyuta zote 500 zenye nguvu kuliko zote duniani zinatumia Linux.

Watakutajia pia Munich, mji wa Ujerumani uliohamia Linux kisha mwaka 2017 ukaamua kurudi. Ni kweli. Lakini hawataji Jandamari ya Ufaransa. Ilianza kwa kubadili programu tu: OpenOffice mwaka 2005, Firefox na Thunderbird mwaka 2006, Windows ikiwa bado iko chini. Askari walipokwisha kuzoea, mwaka 2008 ikaanza kuweka Ubuntu, na leo makumi ya maelfu ya kompyuta zake ziko huko. Jeshi la polisi wa vijijini, lenye kazi za siri na watumishi wasio mainjinia, limeweza.

Karibu zaidi na sisi, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliifasiri OpenOffice kwa Kiswahili katika mradi wa Kilinux, na mwishoni mwa 2004 Jambo OpenOffice ikatoka. Ilikuwa kazi ya heshima. Haikuenea, na kwa maoni yangu sababu ni kwamba haikuwekwa mikononi mwa muuzaji na fundi. Mtu alikuwa aitafute mwenyewe. Kwa hiyo nisieleweke kwamba Linux itajiuza yenyewe Goma kwa ubora wake. Haitajiuza. Itauzwa na watu.

Ndiyo maana nawaandikia. Wenye maduka ya Birere: wekeni mezani mashini mbili tatu zenye Linux Mint iliyokamilika, yenye Kifaransa, LibreOffice na VLC, ziwe zimewaka, mteja aziguse mwenyewe kabla hajaambiwa jina la mfumo. Mafundi: muulizeni kila mteja anataka ipi, na mwambieni ukweli kuhusu zote mbili. Vyuo vya ISIG, UNIGOM, ULPGL na ISTA: pokeeni kazi za PDF, acheni kugawa programu za kukraki madarasani, na wekeni kwenye seva moja ya chuo vifurushi vya Linux ambavyo wanafunzi watavinakili bila kununua mega. Mashirika: futeni neno Word kwenye matangazo ya kazi, andikeni "kuandaa ripoti na majedwali", na mlipie leseni za washirika wenu au muwawekee mfumo usiohitaji leseni.

Nawe msomaji unayejiandaa kununua mashini: Linux Mint 22 inatunzwa kwa masasisho ya usalama hadi mwaka 2029, bila leseni wala akaunti. Muulize anayekuuzia hiyo Windows yake itatunzwa na nani na hadi lini. Usilipe kabla hajakujibu.